Nyumba mbili za kuungana Sheffield, na macho ya mjomba wa Mikindani

Watu wa nyumbani wakisikia unanunua nyumba Uingereza wanauliza kitu kimoja tu, ina vyumba vingapi na uwanja mkubwa kiasi gani. Mi nasema hilo swali ni la Mtwara, huku halikusaidii, na nimeshaona Waswahili wenzangu wananunua kwa kuangalia ukubwa halafu wanakaa na ukungu ukutani miaka nenda rudi na watoto wanakohoa.

Kwetu nyumba inakua na mwenyewe. Unanunua kiwanja Naliendele, hela ya korosho ikiingia unapiga msingi, msimu ujao unafika kwenye renta, mwingine unapaua, unahamia vyumba viwili, vingine madirisha umeziba na mabati, ukikosea choo unabomoa unajenga tena na hakuna benki inayokudai. Huku Sheffield unanunua kitu kilichoisha zamani, nyumba nyingi za mstari ni za enzi za Malkia Victoria, jirani kulia jirani kushoto mnachangia ukuta, na deni la mogeji, yaani mkopo wa benki wa kununulia nyumba, miaka 25 au 30. Huwezi kusema ntarekebisha taratibu, maana ukuta wenyewe ni wa watu wawili, kuna sheria ya mwaka 1996 inataka umpe jirani notisi ya maandishi kabla hujaugusa kwa kazi kubwa. Ukichagua vibaya ndo umechagua.

Sisi tulibakiwa na mbili. Moja iko mwisho wa mstari, sebule kubwa, ina dirisha la ubavuni, uani unaweka meza na jiko la mkaa na nafasi inabaki. Nyingine ya katikati, ndogo, ngazi imebana, na majirani wana haki ya kupita uani kwako wakienda kwenye kichochoro na mapipa yao ya taka, haki imeandikwa kwenye karatasi za nyumba kwa hiyo huwezi kuwafungia geti. Mama alivyoona video akasema hiyo ya pili hapana, mwanangu, uani ni pa familia, watu baki wanakatizaje? Nikampigia mjomba, kwetu Wamakonde jambo kubwa halipiti bila mjomba, na yeye ni fundi wa siku nyingi.

Mjomba hata vyumba hakuuliza. Akasema mpwa wangu nioneshe ukuta kwa chini, karibu na sakafu. Nikarudi na simu. Ile ya mwishoni imepakwa rangi nyeupe mpya bado inanukia, ila kwenye kona nyuma ya sofa rangi imevimba vimba, ukiigusa inapukutika na chini yake kuna unga mweupe. Aliyekulia pwani ya kusini anaujua ule unga, ni ule wa nyumba ambazo tofali zake zimefyatuliwa kwa mchanga wa baharini, chumvi inakula plasta toka ndani, kila mwaka unapaka rangi na kila mwaka inamwagika. Huku haitoki baharini, ni maji ya ardhini yanapanda kwenye ukuta wa zamani na kubeba chumvi, lakini unachokiona ni kilekile. Mjomba akasema hao wanakuuzia rangi, nyumba hawajakuonesha bado.

Halafu karatasi. Ya mwishoni ni ya lisi, ardhi ni ya mtu mwingine na miaka iliyobaki ni sabini na kitu. Sisi Watanzania hili halitushtui kivile maana kwetu ardhi yote ni ya umma, Rais ndo mdhamini, hati unapewa ya miaka 33, 66 au 99. Ila kwetu unashughulika na serikali, huku mwenye ardhi anaweza kuwa mtu binafsi au kampuni, ukitaka kuongezewa miaka unamlipa yeye, na ikishuka chini ya 80 benki nyingi zinaanza kusitasita. Ya katikati ni friholdi, ardhi na jengo vyote vyako.

Na baridi jamani. Nyumbani tunapenda nyumba isimame peke yake madirisha pande zote ili upepo wa kusi upite, huku majirani wa pande mbili ni blanketi, ya mwishoni ubavu mzima uko nje unapigwa na baridi na joto lako lote linapotelea hapo. Bili ya gesi utailipa wewe. (Sisi tunaotoka kwenye gesi ya Mnazi Bay kule Mtwara na mama zetu bado wanapikia mkaa, hilo linaniuma ila ni la siku nyingine.)

Kingine, dalali wa huku analipwa na muuzaji, hata akuchekee vipi si mtu wako. Na yule anayetumwa na benki kuthamini nyumba anaangalia usalama wa hela ya benki. Tafuta sevea, yaani mkaguzi wa majengo, wako mwenyewe, mlipe, aingie mpaka darini. Natamani na Mtwara tungekuwa na desturi hiyo, badala ya kuoneshwa nyumba jioni moja na kusaini mbele ya mashahidi.

Tumechukua ya katikati. Mama hajaridhika bado, lakini mi kule kupitiwa uani ndo kumenivuta, nimekaa kwenye fleti huku jirani wa mlango wa pili simjui jina. Tulivyoenda mara ya pili bibi mmoja akakatiza na pipa lake, akasimama, akatuambia paa lilibadilishwa lini, bomba gani huganda wakati wa baridi na nani ana mbwa, mambo ambayo dalali hakugusa hata moja. Huyo ni jirani wa barazani kabisa.

Sa hivi wakili yuko kwenye karatasi, na kwa sheria za huku England muuzaji akikubali bei bado si mwisho, mpaka pande mbili zibadilishane mikataba iliyosainiwa, kabla ya hapo upande wowote unaweza kujitoa, kwa hiyo mama nimemwomba asitangaze mtaani kwanza.