Dawa ya Ami Imepimwa na Wamarekani

Ami yangu ni mtu wa dawa. Si mganga wa hirizi na pembe, ukimwita hivyo anakukatia salamu. Yeye ni majani na mizizi tu, na pale Mkoani, Pemba, huna utakayemkuta hajawahi kunywa kitu chake. Dawa anayojivunia kuliko zote ni ile ya kusafisha tumbo. Kilichomo hakijui mtu. Ukimuuliza atakutajia tangawizi, atakutajia habasoda, kisha "na siri ya marehemu babu yako", halafu anaanza kukuuliza habari za karafuu. Kipimo chake kilikuwa kijiko kimoja cha chai, usiku, basi.

Mie ndiye niliyesomeshwa sayansi katika ukoo. Ami aliposikia nimekuja likizo na kazi ya chuo ya kupima sumu katika dawa za miti, alinijia na chupa ya lita nzima, ndani kitu cheusi kama usiku wa mvua.

"Mwanangu, nipimie hii. Watu wa siku hizi hawanywi kitu mpaka waone karatasi."

Niliazimwa kona ya maabara ya skuli moja, na Ami akaja kusimamia. Nilimwambia abaki nyumbani nitamletea majibu. Akasema dawa ni yake, na mgonjwa haachwi peke yake hospitali. Akavuta stuli akakaa.

Kipimo chenyewe ni cha uduvi. Kilienezwa na Meyer na wenzake wa Marekani mwaka 1982, na kimependwa kwa sababu ni rahisi na hakihitaji vyombo vya fahari. Mayai ya uduvi hawa huja makavu ndani ya kopo, vumbi la kahawia tu, na hukaa miaka bila ya kuharibika. Ukiyatia katika maji ya bahari ukayawashia taa, siku ya pili yake utaona vidude vimeangua vinakimbilia mwangaza. Unavivuta kwa pipeti, unaweka kumi katika kila kichupa, unatia dawa kwa viwango mbalimbali, na baada ya saa 24 unahesabu maiti.

"Uduvi hawa wa wapi?" Ami akauliza, jicho kwenye kioo cha kukuzia.

"Mayai yao yanavunwa Utah, kwenye ziwa la chumvi."

"Utah ndiyo wapi?"

"Marekani."

Ami akanyanyua kichwa polepole. Akawatazama tena wale uduvi, safari hii kwa adabu. "Wamarekani hawa?"

Nikasema ndiyo. Kwani ningesemaje?

Kulikuwa na kichupa cha maji ya bahari matupu, bila ya dawa. Akataka kujua kwa nini nawapotezea muda wale kumi. Nikamweleza kwamba lazima nijue kama watakufa wenyewe. "Kila mtu atakufa mwenyewe," akanijibu. Na kulikuwa na kichupa cha daikromati ya potasiamu, hiyo sumu hasa, inayowekwa kusudi ili ionekane kwamba uduvi wako wanajua kufa. Rangi yake ya chungwa ilimpendeza Ami mno, hata akauliza kama hii nayo haifai kutiwa sukari. Nikaihamishia juu ya kabati.

Dawa yake niliikausha kwa mvuke, ikabaki nyeusi inanata, nikaipima kwa mizani na kuiyeyusha upya. Kiwango cha juu kabisa kilikuwa mikrogramu 1,000 kwa mililita, yaani gramu moja katika lita nzima. Kwa kanuni ya kipimo hiki, kama kufikia hapo hata nusu ya uduvi hawajafa, dawa huhesabiwa haina sumu.

Kesho yake tukahesabu. Kwenye daikromati, msiba mtupu; Ami akasema innaa lillaahi. Kwenye maji matupu, wazima. Kwenye dawa yake, chini hadi juu, uduvi wanaogelea huku miguu inawacheza, na waliolala hawakufika nusu. Ami alibandika jicho kwenye kioo asibanduke. Nadhani alikuwa anawatafuta wenye furaha zaidi.

Nikamweleza taratibu. Hii ni hatua ya kwanza tu, Ami. Imeonesha kwamba haiui uduvi. Inayofuata ni panya: wanapewa dawa kwa uzito wa mwili, mpaka miligramu 2,000 kwa kila kilo, halafu wanatazamwa siku 14, wanakula vipi, wanapumua vipi, wanaharisha au vipi.

"Panya wa hapa Mkoani?" akacheka. "Wale wanakula sumu ya dukani wakiuliza chai iko wapi."

Akachukua karatasi ya majibu, akaikunja mara nne, akaitia mfuko wa kanzu.

Magharibi napita barazani, nasikia mzee mmoja anamwambia mwenziwe juu ya bao: "Dawa ya huyu imepimwa na Wamarekani." Baada ya isha ilishakuwa Wamarekani wenyewe wameinywa. Kumi kwa kumi, wote wazima, mmoja alikuwa na matatizo ya mguu sasa anacheza. Nikajaribu kusema ni uduvi. Wakanitazama kwa huruma, kama mtoto anayeona wivu.

Sasa wiki ile tulikuwa na harusi. Mtoto wa shangazi alikuwa anaoa Unguja, na wanaume tulipanga kuvuka na boti ya asubuhi, tufike, tuoze, tule. Usiku wa kuamkia safari tumekaa barazani, Ami akatoka na birika.

"Kesho kuna pilau la watu. Matumbo lazima yasafishwe yapate nafasi."

Nikaona anamimina katika vikombe. Vikombe, si vijiko. Nikamwambia, Ami, si ulikuwa unatoa kijiko?

"Kijiko kilikuwa cha zamani, nilipokuwa sijui. Sasa imepimwa, haina sumu. Uduvi mdogo vile kaogelea ndani yake siku nzima, mtu na ukubwa huu atashindwa na kikombe?"

Hapo hata mie niliyesoma sikuwa na jibu la haraka, na mkubwa keshakunyooshea mkono. Nikanywa nusu, kwa heshima. Wengine walimaliza. Ikapita saa nzima, hakuna kitu. Bwana harusi akaguna kwamba labda yake ilikuwa nyepesi, akaongezwa. Mzee wa bao naye akaongezwa. Saa tano usiku tumelala salama usalimini, na alfajiri tumeamka salama usalimini, kanzu nyeupe zimepigwa pasi, kofia za mkono vichwani, udi unanukia mpaka gatini.

Boti ikang'oa. Mabaharia wakapita wanagawa vifuko vya kutapikia, maana mkondo ule hauna mswalie Mtume. Sisi tukavikataa kwa madaha. Watu wa bahari, tutapike nini?

Wa kwanza kunyanyuka alikuwa mzee wa bao. Alinyanyuka bila ya kuaga, na mzee yule huaga hata akienda kutema mate. Akapita njia ya katikati anashika viti, si kwa mawimbi, mawimbi yalikuwa bado. Kisha akanyanyuka mwengine. Kisha wawili pamoja, wakatazamana, wakaanza kutembea kwa haraka ile ya mtu asiyetaka kuonekana ana haraka. Boti ilikuwa na vyoo viwili upande wetu, kimoja mlango umefungwa kwa kamba.

Foleni ya kanzu nyeupe ikafika mpaka kwenye viti vya kina mama. Mama mmoja akauliza kama tunapanga safu za swala, na kibla mbona upande ule mwengine. Bwana harusi alikuwa wa nne, kashika nguzo kwa mikono miwili, jasho linamtiririka kwenye koti la joho. Kila aliyetoka alitoka ameinamisha macho, akazunguka nyuma, akajipanga tena mwisho wa foleni.

Ami alikuwa mbele yangu. Nikamwinamia sikioni.

"Ami. Siri ya babu ni nini?"

"Si mahali pake hapa."

Boti ikapanda wimbi, ikashuka. Wote tukafumba macho.

"Ami!"

"Sanamaki," akasema kwa meno. "Sanamaki nyingi."

Yarabi, majani ya kuharisha! Basi nikaanza kuhesabu kwa vidole. Dawa iliyomo katika sanamaki hupita tumboni na katika utumbo mwembamba bila ya kufanya kitu. Inangoja mpaka ifike utumbo mpana, bakteria wa huko waivunjevunje, ndipo inaamka. Kazi hiyo huchukua saa sita hadi kumi na mbili. Tumekunywa saa nne za usiku, na sasa ni saa mbili za asubuhi, boti iko katikati ya maji, Pemba haionekani wala Unguja haionekani. Hata Wamarekani wasingepanga vizuri zaidi. Na uduvi wa siku mbili, utumbo wenyewe kama uzi, angejuaje mambo haya?

Nikamweleza Ami yote hayo palepale, kwa ufupi niliouweza. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Kwa hiyo," akasema, "inafanya kazi."

Tuliteremka bandarini Malindi tumekonda. Wenyeji wetu walikuja kutupokea kwa bashasha, wakashangaa wageni wanasalimia kwa mkono mmoja na kuuliza choo kwa mkono wa pili. Kwenye ndoa, shehe alikuwa hajamaliza kumtajia bwana harusi mahari, bwana harusi keshasema nimekubali. Shehe akamwambia atulie, arudie. Akarudia mbio vilevile. Upande wa bibi harusi wakafurahi sana, wakasema kijana huyu kampenda mtoto wetu kwelikweli.

Pilau likaja, sinia juu ya sinia, nyama imejaa. Tukalitazama. Wenyeji wakaja kuuliza kama limekosa chumvi. Ami peke yake alikula, tena akaongeza, kwa sababu, kama ilivyokuja kujulikana baadaye na mzee wa bao akataka kumpiga, yeye usiku ule alikunywa kijiko.

Siku ya kurudi tuliingia kwenye boti kimyakimya. Baharia wa mlangoni akatutazama, akatazama tiketi, akamwita mwenziwe. "Ni hawa." Bila ya kutuuliza wakatupeleka kwenye safu ya nyuma kabisa, mkono mmoja kutoka mlango wa choo, na ule mlango wa kamba safari hii umefunguliwa. Tulipokwisha kukaa, yule baharia akainama kwa Ami, akanong'ona kwamba mama yake ana siku nne hajapata haja, na hiyo dawa ya Wamarekani chupa ni kiasi gani.