Mtaala wa chekechea nyumbani: mtoto akisema siafu

Mzazi akishaamua kumfundisha mtoto wa miaka minne nyumbani, swali la kwanza huwa "ninunue mtaala upi?" Naelewa linakotoka. Unashinda na mtoto kutwa, sufuria iko jikoni, pengine una mwingine mgongoni, na unatamani mtu akuambie leo fanyeni hiki, kesho kile. Mtaala uliopangwa siku kwa siku unakupunguzia mzigo huo. Bila mpango wowote, ni rahisi masomo kuahirishwa hadi yakasahaulika, na sitaki kumlaumu mama aliyechoka kwa kununua utulivu.

Tatizo langu ni kwamba mitaala mingi inayouzwa kwenye intaneti iliandikwa Marekani, kwa ajili ya watoto wa huko. Niliketi Mombasa na mtoto wa dada yangu, kitabu cha aina hiyo mbele yetu. Ukurasa wa herufi A ulikuwa na tofaa na mdudu. Mtoto akaweka kidole juu ya mdudu, akasema kwa furaha, "Siafu!" Mama yake akamrekebisha: "Sema ant." Akasema, lakini sauti ilikuwa imeshuka. Alikuwa amejibu sawa kabisa, ila siafu huanza na S, na ukurasa ule haukuwa na nafasi ya jibu lake.

Hapo ndipo naona uzito wa uamuzi huu ulipo. Kiswahili kina irabu tano, na kila moja ina sauti yake. Mtoto akishika ma, ba na ta, tayari anasoma mama, baba, bata, tama. Kiingereza hakimpi urahisi huo: a ya "cat" si a ya "cake", wala si ya "call". Mitaala ya Kiingereza hutumia muda mrefu kufungua fundo hilo, na inafanya vyema, kwa mtoto mwenye fundo hilo. Mtoto anayeota kwa Kiswahili tunamfunga fundo ambalo hakuwa nalo, kisha tunamnunulia kitabu cha kulifungua.

Wapo watakaosema vitabu vya Gredi ya Kwanza karibu vyote ni vya Kiingereza, na zipo shule za kulipia zinazompima mtoto kabla ya kumpokea. Hoja hiyo ni nzito. Mzazi anayepanga kumrudisha mtoto shuleni hawezi kuipuuza. Lakini siri ya kusoma, kwamba alama hizi ni sauti za mdomo wangu mwenyewe, mtoto huing'amua mara moja tu maishani. Akiipata kwa silabi za Kiswahili, ataibeba hadi kwenye Kiingereza, ambacho kwa sasa kinaweza kuingia kwa masikio: nyimbo, hadithi, maongezi.

Kuna pia mtaala wa taifa. Taasisi ya Ukuzaji Mitaala Kenya, KICD, imepanga miaka miwili ya awali, PP1 na PP2, katika lugha, hisabati, mazingira, ubunifu na dini. Kasoro yake kwa mzazi ni kwamba unamsemesha mwalimu mwenye darasa zima. "Katika makundi" haina maana pale mlipo wawili mkekani. Hata hivyo ni mifupa mizuri. Nyama tia mwenyewe.

Wengine huvutiwa na Maria Montessori, daktari na mwalimu wa Italia, aliyefungua shule yake, "Nyumba ya Watoto", mwaka 1907 katika mtaa wa San Lorenzo, Roma. Vifaa vyake vya mbao vinapendeza na bei yake inauma. Ila mtoto anayetenganisha kunde na ndengu kwenye ungo, au anayemimina maji toka kikombe hadi kikombe bila kumwaga, anafanya kazi ya jamii ile ile. Charlotte Mason, mwalimu wa Uingereza, naye alitaka masomo rasmi yangoje hadi miaka sita, mtoto ashinde nje. Kwetu pwani hilo halihitaji kununuliwa.

Jambo moja lisifichwe: kifungu cha 30 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 kinamtaka mzazi ahakikishe mtoto wake anahudhuria shule. Anayetaka kuendelea na masomo ya nyumbani miaka inayofuata apate ushauri wa kisheria mapema.

Dada yangu hakukitupa kile kitabu. Bado wanakitumia kwa picha. Kwa kusoma, alimwaga mchanga mkavu kwenye sinia na kumchorea mtoto S kama nyoka, na i pembeni yake. Mtoto akaandika "si" kwa kidole, akafuta kwa kiganja, akaandika tena. Kisha akauliza "fu" inaandikwaje.