Mafunzo ya sola peke yake hayatoshi

Mwandishi wa makala moja kuhusu kuachana na umeme wa makaa ya mawe anasema mitambo ikizimwa, wafanyakazi wake watafundishwa kufunga paneli za sola, basi mambo yamekwisha. Hapana jamani. Kufunga paneli ni kazi ya miezi kadhaa. Ikikamilika, wanabaki watu wachache wa kusafisha na kukagua. Mtambo wa makaa una watu wa zamu usiku na mchana, mwaka mzima. Mtu aliyezoea mshahara na pensheni unampa kibarua, halafu unashangaa akipinga nishati safi!

Uingereza ilitangaza mwaka 2015 kwamba itaachana na umeme wa makaa, na mtambo wa mwisho, Ratcliffe-on-Soar, ukazimwa Septemba 2024. Karibu miaka tisa ya kujipanga, si notisi ya miezi mitatu.

Na wa mikataba je? Mlinzi wa getini, dereva wa lori la makaa, mama wa kantini. Hawa waliajiriwa na wakandarasi, kwa hiyo kwenye orodha ya kiinua mgongo hawamo (na kwenye makala ya mwandishi huyo pia hawamo). Waandikwe majina sasa, mtambo ukiwa bado unawaka.