Daraja la molekuli moja: hesabu ipi tuiamini?

Shusha sindano ya dhahabu mpaka iguse bamba la dhahabu, weka volti ndogo, kisha ivute polepole. Umeme haukatiki kwa mkupuo, unashuka ngazi kwa ngazi. Ikibaki atomu moja tu inayounganisha pande mbili, ukinzani unakuwa takriban omu 12,900, na kinyume chake ndicho kipimo wanachokiita G0. Atomu hiyo ikiachia, molekuli iliyo jirani huweza kudaka pengo, ncha moja huku na nyingine kule, na kwenye grafu inachomoza ngazi fupi, chini sana ya ile ya kwanza. Vuta kidogo tena, kwisha habari. Mbinu hii waliionyesha Bingqian Xu na Nongjian Tao mwaka 2003, na uzuri wake ni kwamba inarudiwa maelfu ya mara kwa siku.

Ubishi uko kwenye ngazi hiyo fupi: kimo chake, yaani wepesi wa molekuli kupitisha umeme, kikokotolewe vipi?

Wapo wanaoanzia kwenye atomu zenyewe. Wanapanga dhahabu na molekuli ndani ya kompyuta, wanatafuta msongamano wa elektroni, kisha wanatumia wazo la Rolf Landauer la mwaka 1957, kwamba kupitisha umeme ni suala la uwezekano wa elektroni kuvuka kutoka upande mmoja hadi wa pili. Wengine wanaona huko ni kujitesa. Kwao molekuli ni ngazi moja ya nishati (si ile ya kwenye grafu, bali kiwango cha nishati ambacho elektroni inaweza kukaa) yenye namba mbili tu: iko mbali kiasi gani na nishati ya elektroni za dhahabu, na imeshikana nazo kwa nguvu gani. Chora mkunjo juu ya vipimo, soma namba, kazi imekwisha.

Kambi ya kwanza ina doa la zamani. Mwaka 2000 hesabu ya benzeni, pete ya kaboni sita, iliyofungwa kwenye dhahabu kwa salfa ilitoa mkondo mkubwa kuliko kipimo cha 1997 kwa takriban mara mia. Wengi waliilaumu nadharia. Lakini mwaka 2004 kundi la Tao lilipima molekuli hiyohiyo likapata 0.011 G0, kama omu milioni 1.2, wakati kipimo cha 1997 kilikuwa kama milioni 22. Kumbe na mita ilikuwa na la kujibu.

Kesi iliyonishawishi zaidi ni ya 2007. Benzeni ilifungwa kwa naitrojeni badala ya salfa, daraja likavutwa mara 59,000, thamani iliyojirudia zaidi ikawa 0.0064 G0. Hesabu za maumbo 15 tofauti ya kiungo cha molekuli na dhahabu zilitoa wastani wa 0.046, yaani mara saba zaidi. Safari hii umbo la kiungo halikuweza kusingiziwa, maana lilibadilisha jibu kidogo tu. Kosa lilikuwa ndani ya nadharia: inaziweka ngazi za molekuli karibu mno na nishati ya elektroni za dhahabu, kwa hiyo mlango unaonekana wazi kuliko ulivyo. Ukisahihisha hilo, pamoja na jinsi dhahabu inavyoitikia chaji iliyo juu ya molekuli, pengo linazibika.

Mpinzani atasema: mnarekebisha mkijua jibu. Ni hoja nzito, ila masahihisho hayo yana msingi wa fizikia. Hayakuokotwa ili namba zifanane. Tena kambi ya ngazi moja ndiyo yenye uhuru mwingi zaidi wa kuchezea namba zake, hata pale picha yenyewe ni potofu. Mfano ni benzeni iliyoshikwa kwenye kaboni ya kwanza na ya tatu badala ya ya kwanza na ya nne. Inapitisha umeme kwa shida zaidi, kwa sababu mawimbi ya elektroni yanayopita njia tofauti yanafutana. Ngazi moja haina njia mbili za kufutana. Itakupa namba, sababu haitakupa.

Kwa hiyo nikitaka kujua molekuli ipi itaishinda nyingine, nitaendesha hesabu ya atomu, hata ikikosea mara saba. Nikitaka kusoma grafu ya leo maabarani, ngazi moja inanitosha.

Molekuli ndefu, zilizo kama nyaya, ni habari nyingine. Mwaka 2008 vipimo vya tabaka za molekuli zilizooteshwa juu ya dhahabu vilionyesha kuwa zikizidi takriban nanomita 4, chaji haivuki tena kwa pigo moja; inatua, inaruka, inatua. Dalili yake ni joto: nyaya fupi haziko na habari nalo, ndefu zinapitisha zaidi kadiri zinavyopashwa. Hapo kambi zote mbili, kwa namna nilivyozieleza, zimeishiwa, na anayeshika usukani ni Rudolph Marcus na nadharia yake ya elektroni kuhama kwa kuruka.