Joto la bomba moja, au kila nyumba na lake?

Mwanza hatupashi vyumba joto. Upepo wa ziwani ukichachamaa alfajiri ya Julai mtu anavaa sweta, yamekwisha. Kwa hiyo ubishi wa Ulaya, kama jengo jipya liunganishwe na bomba la joto la mji au lifungiwe mtambo wake lenyewe, unaonekana ni wa watu wa baridi. Lakini hoteli zetu, hosteli na hospitali zinahitaji maji moto kila siku, na ofisi zinahitaji ubaridi. Swali ni lile lile, ila limevaa nguo nyingine.

Tuwasikilize kwanza wenyewe. Copenhagen, majengo kama asilimia 98 yanapashwa na mtandao mmoja. Maji hupata moto kwenye mitambo ya umeme na ya kuchoma taka, hupita chini ya barabara katika mabomba yaliyovikwa povu gumu, huacha joto lake jengoni, kisha hurudi kupashwa upya. Denmark ilikabwa na bei ya mafuta mwaka 1973, na sheria ya 1979 ikazipa halmashauri mamlaka ya kupanga mtaa upi upashwe kwa njia gani. Uzuri wake ni kwamba joto ambalo lingetupwa hewani linaogesha watu. Tena siku mji ukiacha makaa ya mawe unabadilisha mtambo mmoja. Hakuna anayevunjiwa ukuta wa jiko.

Upande wa pili kuna pampu ya joto, ambayo ni friji iliyogeuzwa: inavuta joto lililo nje na kulisukuma ndani, na kwa uniti moja ya umeme inatoa kama tatu za joto. Jengo jipya lililojengwa vizuri halihitaji joto jingi, na hapo ndipo mtandao unapokwama. Bomba lililofukiwa linavuja joto lile lile, wateja watumie sana au kidogo. Kwa hiyo nyumba zikizidi kuwa nzuri, sehemu inayopotea njiani inazidi kukua, na gharama ya mtaro haishuki hata senti. Maghorofa yaliyobanana yanaweza kuubeba mzigo huo. Nyumba moja moja zenye uwanja katikati haziwezi.

Sasa tuje kwetu. Wapo wanaosema: Toronto inapoza ofisi zake kwa maji ya ziwa tangu 2004, sisi tunashindwa nini, na Ziwa Victoria kwa eneo ni kubwa kuliko ziwa lao, Ontario, zaidi ya mara tatu? Tunashindwa na nyuzijoto. Toronto inachota maji kina cha mita 83, yakiwa na nyuzi 4 hivi, kwa sababu kipupwe huyapoza na uzito huyashusha chini. Ziwa letu liko kwenye ikweta, kina chake kirefu kabisa ni mita 80 hivi, na hata huko chini maji hayaendi mbali chini ya nyuzi 23. Maji hayo hayapozi ofisi. Yangeweza kubeba joto linalotemwa na mtambo mkubwa wa AC, jambo lenye faida yake, ila uwe tayari kupambana na magugumaji kwenye mdomo wa bomba.

Halafu kuna mawe. Mji huu tunausifu kwa miamba yake, lakini muulize fundi bomba aliyewahi kuchimba mtaro wa kupandisha laini ya maji kwenye vilima vya Bugarika au Igogo. Mtandao wa joto unataka mabomba mawili, la kwenda na la kurudi, yote manene kwa ajili ya lile povu.

Zaidi ya mawe, mimi naogopa suala la nani anashika koki. Kila aliyepanga nyumba yenye LUKU moja, yaani mita moja ya umeme kwa wapangaji wote, anajua kelele za mwenye friji na mwenye taa moja. Ukishaungwa na bomba la joto huna duka jingine la kwenda. Denmark sheria inaibana kampuni itoze gharama halisi tu, isitafute faida. Bila kibano cha namna hiyo singemshauri mtu ajiunge.

Hata hivyo, wanaosema "kila mtu na lake" wasijidanganye kwamba wanajitegemea. Hita ya bafuni inakula wati elfu tano hivi, na wote tunaoga saa kumi na mbili asubuhi. Nyuma ya kila bafu kuna mtandao pia, wa umeme, na unaelemewa kwa wakati mmoja. Sola ya maji moto yenye tangi juu ya paa inaukwepa mzigo huo, maana jua la jana ndilo linalokuogesha leo. Kwa viwanja vya pembezoni mwa mji, Buswelu na Kisesa, sioni ushindani: sola, basi.

Bomba la pamoja ninalikubali pale tu lilipo fupi na mwenye nalo ni mmoja. Hospitali ya Bugando, kwa mfano, wodi, jiko na dobi viko kilima kimoja. Naivasha, shamba la maua la Oserian limepasha mabanda yake kwa joto la ardhini, kwa mtindo huo huo. Na viwanda vya minofu ya sangara ufukweni vinagandisha samaki usiku na mchana huku mitambo ikitema joto hewani. Jirani mwenye hosteli angeweza kulinunua, walau maji yaingie kwenye hita yakiwa yameshapata uvuguvugu.

Ghorofa la wapangaji linakaa katikati: tangi moja juu, mita ya maji moto kwa kila mlango. Anayejenga Nyegezi sasa hivi aache njia ya mabomba hayo ukutani kabla fundi hajapiga plasta, hata kama sola ataiweka mwakani.