Kipaji changu au hitaji lao: nani aamue kazi ya mmisionari?

Kijana akisimama kanisani na kusema anataka kwenda misheni, siku hizi swali la kwanza analoulizwa ni hili: unapenda kufanya nini? Anayepiga gitaa huambiwa aende akahubiri kwa gitaa. Anayecheza mpira huonyeshwa timu za vijana. Mpiga picha, seremala, muuguzi, mtengeneza programu za kompyuta, kila mmoja hutiwa moyo kwamba kile kinachowaka ndani yake Mungu amekiweka humo kama dira. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Upande wa pili wapo wazee wa huduma, wengi wao wamezeeka katika kazi hiyo, ambao wakisikia maneno haya hutikisa kichwa na kujibu kwa methali nyingine: mchagua jembe si mkulima.

Nimekaa katika vikao vya kuwasikiliza vijana wa namna hiyo, na kwa miaka mingi nilikuwa upande wa ndege na ubawa wake kwa moyo wote. Bado sijauacha. Kinachonisumbua sasa ni kwamba pande zote mbili zinabishana juu ya mtu anayekwenda, ajitimize au ajikane, na yule anayefikiwa hatajwi.

Tuanze na neno lenyewe, maana Kiswahili kimetuwekea mtego. Tunasema “talanta” tukimaanisha kipaji, kisha tunafungua Mathayo 25 na kusoma mfano ule kana kwamba unahusu sauti nzuri au mkono mwepesi wa kuchora. Talanta ilikuwa fedha, uzito mkubwa wa fedha uliolingana na dinari 6,000 hivi, na dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja. Hata yule aliyepewa moja alishika ujira wa karibu miaka 20. Tena Mathayo anasema bwana aligawa kwa kila mtu “kwa kadiri ya uwezo wake”. Uwezo ulikuwapo kabla. Talanta ni amana iliyotolewa baada ya uwezo huo kutazamwa. Kwa hiyo mfano tunaoutumia kuthibitisha kwamba kipaji ndicho kiamuacho kazi unasema jambo gumu zaidi. Bwana huangalia uwezo kweli, lakini anayegawa ni yeye, na mtaji unabaki kuwa wake.

Hata hivyo upande wa vipaji una hoja ambazo hazipaswi kupuuzwa. Katika Kutoka 31 Bezaleli anajazwa roho ya Mungu ili afue dhahabu, fedha na shaba, achonge mti na akate vito. Hakuitwa kuhubiri. Aliitwa kufanya ufundi wake, na Oholiabu akawekwa pamoja naye. Anayedhani kazi za mikono ni za daraja la pili mbele ya mimbari amepita ukurasa huo haraka.

Historia ya misheni nayo inashuhudia. William Carey alikuwa mshona viatu Uingereza kabla ya kwenda India mwaka 1793, na alikuwa na mapenzi mawili makubwa: lugha na mimea. Mapenzi ya lugha yalizaa Agano Jipya la Kibengali, lililochapwa Serampore mwaka 1801. Mapenzi ya mimea yalizaa bustani na, mwaka 1820, chama cha kilimo na bustani cha India. Pembeni yake walikuwa Joshua Marshman, mwalimu, na William Ward, mchapaji. Kabla ya kuondoka Uingereza Carey alikutana na Ward akamwambia kwamba huko mbele watahitaji mchapaji. Ward akafika miaka 6 baadaye. Napenda mpangilio huo. Kazi ya kutafsiri ilitangulia, na kipaji cha kuchapa kikaitwa na kazi.

Betty Greene ni mfano mwingine. Alipenda urubani tangu utotoni, na wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alirusha ndege katika kikosi cha marubani wanawake cha Marekani. Mwaka 1946 ndiye aliyerusha safari ya kwanza ya shirika ambalo leo linajulikana kama Mission Aviation Fellowship, kuelekea Mexico. Mtu anayekaa ndani ya msitu usio na barabara, mwenye mgonjwa wa kupeleka hospitali, hahitaji kuelezwa kwa nini Mungu aliweka hamu ya kuruka ndani ya binti yule.

Kuna pia sababu ya kawaida kabisa ya kibinadamu. Mwaka wa kwanza ugenini huvunja watu. Lugha haiingii, marafiki hakuna, na neno ulilolitunga kwa siku tatu linatoka kwa dakika tano za kigugumizi. Mwenye kazi anayoipenda ana mahali pa kuweka miguu. Seremala akishika randa anaelewana na seremala mwenzake kabla hajajua majina ya siku za wiki. Nimeona waliokwenda bila chochote cha namna hiyo wakirudi kabla ya wakati, na siwalaumu.

Hapa ndipo hoja ya mahema huingia. Nchi nyingi hazitoi viza kwa mmisionari, ila humpokea mhandisi au mwalimu, na wanaokwenda kwa njia hiyo hujiita watengeneza mahema, kwa kumfuata Paulo aliyekaa Korintho na Akila na Prisila kwa kuwa kazi yao ilikuwa moja. Naiheshimu njia hii. Lakini kazi ikiwa pazia tu, mwalimu asiyefundisha, mfanyabiashara asiye na biashara, majirani huona mapema kuliko tunavyodhani, na habari njema inakuwa imeanza kwa udanganyifu. Na Paulo mwenyewe ni shahidi mgumu kwa wale wanaotaka shauku iongoze. Hakuna mahali anaposema alipenda kushona mahema. Anachosema kwa Wathesalonike ni kwamba alifanya kazi usiku na mchana ili asimlemee mtu. Hema lilikuwa la riziki na la uaminifu. Kama kulikuwa na furaha ndani yake, hakuona haja ya kuitaja.

Tena Paulo huyo aliwahi kumletea Mungu hoja ya vipaji, na hoja ikakataliwa. Kisa kiko Matendo 22. Yuko hekaluni Yerusalemu anaomba, anaambiwa aondoke haraka kwa sababu hawataupokea ushuhuda wake. Anajibu kama mtu anayejieleza kwenye usaili: hawa watu wananijua, wanajua nilivyowafunga na kuwapiga walioamini, na damu ya Stefano ilipomwagwa nilikuwa nimesimama pale. Amelelewa miguuni pa Gamalieli, anaijua torati, ana historia ambayo ingewagusa. Nani angefaa kuliko yeye kuwafikia Wayahudi? Jibu ni fupi: nenda, nitakutuma mbali kwa Mataifa. Petro, mvuvi wa Galilaya, ndiye aliyekabidhiwa waliotahiriwa, yaani Wayahudi. Najua kwamba elimu ya Paulo haikupotea, na uraia wake wa Rumi ulimwokoa na viboko. Vilitumika, ila mahali ambapo yeye asingepachagua.

Hapo naona tofauti ambayo mjadala wetu huichanganya. Kipaji na shauku ni vitu viwili. Kipaji ni kile unachokiweza; shauku ni picha uliyonayo kichwani ya jinsi kitakavyotumika. Mungu anaweza kukichukua cha kwanza na kukikataa cha pili.

Johann Ludwig Krapf, mmisionari Mjerumani, alifika Mombasa mwaka 1844. Watu waliokuwa moyoni mwake walikuwa Waoromo. Alikuwa amejaribu kwanza kuwafikia kupitia Ethiopia, njia ikafungwa, akaiona pwani kama mlango wa nyuma. Mke wake alifia huko mwaka huohuo. Misheni ile ya Waoromo haikuwa kama alivyoiota. Kiswahili alikuwa amejifunza njiani tu, lugha ya watu aliofikia kwao, na ndicho kilichodumu: kamusi yake ilitoka mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Kichwa chake cha lugha kilipata kazi. Ndoto yake, kwa sehemu kubwa, haikupata.

Lilias Trotter, mchoraji Mwingereza, alikatwa ndoto kwa ukali zaidi. John Ruskin, mhakiki wa sanaa aliyesikilizwa kuliko wote Uingereza wakati wake, aliona michoro yake na kumsihi ajitoe kabisa kwa uchoraji, akimwahidi ukuu. Trotter alipima, akaona hawezi kuupa uchoraji yale yote Ruskin aliyoyadai na bado autafute kwanza ufalme wa Mungu. Mwaka 1888 akaenda Algeria, tena kwa gharama yake, kwa sababu shirika aliloliomba lilimkataa kwa udhaifu wa afya. Akakaa miaka 40, hadi kufa. Wanaopenda kusema kipaji kitumike husikitika hapo, na wanaopenda kusema ujikane hushangilia. Wote wanasahau madaftari yake. Aliendelea kuchora: maua ya jangwani, nyuso, vilima vya mchanga, na vitabu vidogo kwa ajili ya wasomaji wa Kiarabu. Brashi haikuzikwa. Ilishushwa kutoka kiti cha enzi, na kwa maoni yangu huo ndio ushuhuda wenye nguvu kuliko wote katika suala hili.

Na tunaopima vipaji vya wengine tuwe wanyenyekevu. Gladys Aylward, mtumishi wa nyumbani London, alikataliwa na shirika la misheni la China Inland Mission kwa kuonekana hataweza kujifunza Kichina. Alidunduliza nauli yake, akaondoka kwa treni mwaka 1932, akakaa milimani China mpaka akazungumza kama wenyeji, na mwaka 1940 akavusha watoto karibu 100 kwa miguu wakikimbia vita. Kamati ya shirika hilo haikuwa na watu wabaya. Ilipima kwa kipimo ilichokuwa nacho.

Shauku ina gharama, na mara nyingi anayelipa ni mwingine. Dorothy Carey hakutaka kwenda India. Alishawishiwa dakika za mwisho, akiwa na mtoto mchanga; mwana mwingine akawafia huko mwaka 1794, na akili yake ikavurugika mpaka alipokufa mwaka 1807. Tukimsifu Carey kwa kutumia vipawa vyake vyote, haki ya Dorothy ni kutajwa katika pumzi hiyohiyo. Mwenye ndoa anayesema “Mungu ameniwekea mzigo” aulize kama mwenzake naye ameubeba, au amebebeshwa.

Lakini hoja inayonigusa zaidi ni nyingine, nayo husikika kwa nadra. Kipaji cha mgeni kinaweza kuzima cha mwenyeji. Mpiga kinanda hodari akifika katika kanisa changa, baada ya miaka miwili ibada haianzi bila yeye. Nyimbo zimekuwa za alikotoka. Mzee aliyekuwa akianzisha wimbo kwa sauti yake mwenyewe sasa ameketi nyuma, kimya. Hakuna aliyemnyamazisha kwa makusudi. Mgeni alikuwa anatoa kilicho bora alichonacho, na kwa uzuri wake kikafunika kila kitu. Paulo na Barnaba katika Matendo 14 wanachagua wazee katika kila kanisa, wanawaweka mikononi mwa Bwana, na wanaondoka. Kuna namna ya kuondoka ambayo ni huduma kuliko kubaki na kung’aa.

Kwa hiyo nani aamue? Msimamo wangu ni kwamba orodha ya vipaji iandikwe, tena kwa ukamilifu bila haya ya uongo, kisha apewe anayepokea. Wenyeji wasome, wachague, na wawe huru kusema: asante, haya yote tunayo; tunachokosa ni mtu wa kutufundisha kutunza hesabu, au wa kukaa na wagonjwa usiku. Sauti iliyompeleka Paulo ng’ambo ya bahari ilikuwa ya mtu wa Makedonia akisema vuka uje utusaidie, na kabla ya hapo mipango miwili ya wamisionari wenyewe, Asia na Bithinia, ilikuwa imezuiwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone, tunasema; na mwenyeji ndiye ajuaye anaumwa wapi. Wapo watakaopinga kwamba mahali pengine hakuna kanisa la kuuliza. Ni kweli, na hapo mtu aende na alichonacho mkononi, kama Musa na fimbo. Lakini mahali hapo ni pachache kuliko tunavyojiambia. Dorkasi wa Yafa alipokufa, hakuna aliyesoma wasifu wake. Wajane walisimama wakilia na kumwonyesha Petro kanzu alizowashonea. Waliovaa ndio walioshuhudia.

Eric Liddell, mkimbiaji wa Uskoti, alishinda mbio za mita 400 za Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa sekunde 47.6, na mwaka uliofuata akaenda China, alikozaliwa, kuwa mwalimu wa sayansi na michezo. Kwa macho ya dunia alikuwa ametupa kipaji akiwa na umri wa miaka 23. Vita vilipomfikisha kwenye kambi ya wafungwa ya Wajapani huko Weihsien, China, mwaka 1943, humo ndani kulikuwa na watoto wa shule waliotenganishwa na wazazi wao, wasio na la kufanya kutwa nzima, na aliyejua michezo alihitajika kuliko mhubiri. Aliwapangia mechi na kuwachezeshea. Yule aliyekataa kukimbia Jumapili mbele ya ulimwengu hatimaye alikubali kuwa refa wao Jumapili, kwa sababu wakiachwa wenyewe walipigana. Wiki chache kabla ya kufa, Februari 1945, alimpa kijana mmoja viatu vyake vya kukimbilia. Vilikuwa vimechakaa, vimeshonwashonwa kwa uzi, na ilikuwa majira ya baridi, kijana hana viatu. Alifundisha pia kuwaombea Wajapani waliowafunga. Kijana yule alipokua alikwenda Japani kuwa mmisionari.