Halijaguswa

Asubuhi hii, foleni ya Buguruni, kijana wa bodaboda amesimama ubavuni mwangu, ameitazama boneti yangu kwa muda, kisha akanisalimia kwa adabu zote: "Shikamoo mzee. Pole. Moto mliuwahi?"

Mimi ni mtu mzima. Ni mweka hazina wa kamati ya mazishi mtaani kwetu. Sikumjibu, nilipandisha kioo tu. Kioo hakikupanda, lakini nia ilionekana.

Gari halikuungua. Ni klia ya boneti, lile tabaka la juu lenye kung'aa linaloilinda rangi, imebanduka. Ilianza kadoa kadogo kama sarafu ya shilingi 50, leo ni ramani ya Afrika nzima, na kule pembeni Madagaska imeshajitenga. Mnaoegesha nje hapa Dar hamhitaji maelezo. Jua la saa nane mnalijua, na kunguru wetu mnawajua: anakula jalalani kwa mwingine, anakuja kumalizia kwako. Uchafu wake ukikaukia juani unaichimba klia, na ukiufuta mkavu unajikwaruzia mwenyewe.

Ushauri nimepewa wa kutosha. Jirani alisema dawa ya meno. Shemeji alisema mafuta ya taa, tukapaka, gari likang'aa mpaka mvua ya kwanza.

Basi mwezi uliopita nikajikaza, nikaenda kwa fundi rangi Tabata, chini ya mwarobaini. Na kwa kuwa sipendi kudharauliwa, jana yake nililipeleka gari kwa waosha magari, wakalisugua kwa silikoni ya kung'arishia mpaka nikajiona kwenye fenda. Ikumbukeni hiyo silikoni.

Fundi ni kijana, kitinda mimba wangu anamzidi. Nikamwonyesha boneti. Hakuiangalia. Akaanza kulizunguka gari akiligonga kwa kifundo cha kidole kama mnunuzi wa tikiti maji. Ngo. Ngo. Ngo. Alipofika mlango wa nyuma kushoto: pu.

"Bosi, hili limeshapigwa."

"Halijaguswa," nikasema. Dalali aliyeniuzia aliapa kwa mama yake mzazi, rangi ya kiwandani, halijaguswa hata na mtoto.

Fundi akaingia kibandani, akatoka na sumaku ya spika mbovu iliyofungwa kitambaa. Akaiweka kwenye fenda: pa, imenata. Mlango wa mbele: pa. Mlango wa nyuma: ikaanguka chini. Akaiokota, akaiweka juu kidogo. Ikaanguka. Watoto wakawa wameshafika, hamjui wanatokea wapi, wanahesabu kwa sauti: "Mojaaa! Mbiliii!" Mkaanga chipsi wa jirani akaacha karai lake, akaomba naye ajaribu. Ikaanguka. Watoto: "Tatuuu!"

"Bosi," fundi akaniambia taratibu, kama anayefikisha habari za msiba, "rangi ya kiwandani, tabaka zake zote, ni kama mikroni mia moja na kitu. Nywele mbili ukizilaza. Hapa kuna puti, ule udongo wa kuzibia mabonde, ya unene wa chapati."

Nikasema sawa, tuuache mlango, tushughulikie boneti. Akasema hapana, ngoja, haya malengelenge karibu na kitasa yana maji chini yake. Akayabonyeza kwa kucha. Kipande cha puti kama kiganja changu kikadondoka miguuni kwangu. Nyuma yake kutu, na pembeni mwa kutu, rangi nyekundu.

"Gari lilikuwa jekundu?"

"Kadi inasema silva."

"Basi mlango huu ni mgeni."

Halafu akanitazama machoni, yeye aliyeubonyeza, akasema: "Sasa huu hatuwezi kuuacha hivi."

Kwa hiyo nilipeleka boneti, ukatengenezwa mlango. Puti yote ikakwanguliwa, bati likanyooshwa, praima, msasa. Kibati cha ndani ya boneti kinasema namba ya rangi ni 1F7, nami nikadhani namba ni namba, ukinunua kopo umemaliza. Thubutu! Silva ina vumbi la aluminiamu, na jinsi chembe zake zinavyolala inategemea umbali wa bunduki ya kupulizia rangi na nguvu ya upepo wake. Kopo lile lile, mkono mwingine, rangi nyingine.

Mkono wa kwanza wa rangi ulipogusa tu, rangi ikaanza kukimbia, ikaacha vishimo vya duara kama mafuta kwenye mchuzi mwepesi. Fundi akainusa hewa. "Nani kapaka silikoni?" Mimi nikawa nautazama mwarobaini. Mti mzuri sana ule.

Msasa upya. Mkono wa pili, umeme ukakatika, kompresa ikazimika, bunduki ikatema mate. Msasa upya. Jioni ikaja klia, safi, imetulia kama maji ya mtungi, sote tumenyamaza. Nzi akatua. Akatembea hatua tatu, akasimama, akawa hana la kufanya.

"Usimguse bosi! Akauke kwanza, tutamtoa na msasa wa elfu mbili."

Alitolewa. Mguu mmoja bado upo, karibu na kitasa. Naujua ulipo.

Nikarudi nyuma nitazame kazi. Gari zima kijivu, mlango unawaka. Sura Fanta, miguu Koka. Nikamwuliza fundi mbona havifanani. Akasema, "Itakubaliana na wenzake ikipigwa jua."

Jua! Jua lipi tena? Si ndilo hilo lililoimaliza boneti? Nimelipa laki na themanini nisubiri jua liuharibu na mlango ndio viwe ndugu?

Mama watoto aliuzungukia mlango, akausifu sana. "Na boneti lini?" Nikajidai nasikiliza taarifa ya habari.

Kitu kimoja lakini nilijifunza pale, kile cha kugonga. Leo nikirudi kutoka kwa yule wa bodaboda nimepita sokoni, nimegonga tikiti maji saba mbele ya watu, kwa kifundo, kitaalamu kabisa, mpaka nikapata lenye sauti yangu. Ngo. Nyumbani tumelikata: jeupe pe. Tumempa mbuzi wa jirani. Amelinusa, akarudi kwenye gazeti lake.